Kichina cha Chumba cha Sindano

Wamelivunja lile jengo la zahanati. Nilipita mtaa ule juzi kufuata vitambaa, nikakuta pamezungushiwa mabati na ndani mafundi wanapiga nyundo. Upande mmoja tu ulikuwa bado umesimama, ukuta uliopakwa bluu hadi usawa wa kiuno na nyeupe kutoka hapo kwenda juu. Rangi ile niliijua. Kilikuwa chumba cha sindano. Nilisimama mbele ya duka la mazulia, mtu wa mkokoteni akanipigia kelele nimpishe, nikampisha, na kabla sijafika njia panda nikajikuta nasema kwa sauti ya chini: teng bu teng. Dada mmoja niliyepishana naye alidhani naongea na simu.

Maana yake ni "inauma au haiumi". Ni Kichina, na nilikijua kabla sijaweza kutunga sentensi moja ya Kiingereza. Sikujua kuhesabu kwa lugha hiyo wala kuomba chakula. Nilijua kumuuliza mtu anaumwa wapi, kumwambia alegeze mkono, na kumwarifu kwamba sasa anachomwa.

Mama yangu alikuwa muuguzi pale. Zahanati ilikuwa chini ya jengo la ghorofa moja, Kariakoo, imebanwa na duka la mabegi upande huu na duka la ndoo za plastiki upande wa pili. Sisi tulikuwa tunakaa Magomeni, na baba alifanya kazi bandarini kwa zamu zisizotabirika. Kwa hiyo nikitoka shule nilipitia zahanati, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka mama amalize kazi. Watu waliokuja kwa mara ya kwanza walidhani naumwa na walinipa pole. Nilizipokea zote.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazini alisema, "Kaa hapa," akasema, "Legeza," akasema, "Tayari," na mgonjwa alikuwa ameshachomwa. Wengine walikuja kutoka mitaa ya mbali kwa sababu ya mkono wake, maana walisema hausikii sindano ikiingia. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Nilimpenda kama mtoto anavyompenda mama, lakini sikuwa najua anawaza nini, na nilishazoea kutojua.

Mwenye duka la mabegi alikuwa Mchina. Watu wa mtaa walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Juma, naye akalichukua jina hilo bila ubishi, akawa anajitambulisha hivyo hata kwa wateja wa mikoani. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani tupu. Alijua bei, mzigo, jumla, rejareja, leo, kesho na hakuna shida, na kwa maneno hayo aliendesha maisha yake yote ya Dar es Salaam.

Siku moja mchana aliingia zahanati amemshika mkono mwanamke mzee, mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa usawa wa masikio. Alikuwa mama yake mzazi. Baba yake Juma alikuwa amefariki huko kwao, na mama akaletwa huku asikae peke yake. Benchi zima likamwita Mama Juma tangu dakika ile. Sidhani kama yeye mwenyewe aliwahi kujua.

Nilikuwa nimefundishwa adabu, kwa hiyo niliinuka. "Shikamoo, bibi."

"Haipungui," akanijibu.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilopewa na mwanawe, ili akiachwa dukani na mteja akaanza kuomba apunguziwe bei, awe na la kusema. Alilitumia kwa kila aliyemsemesha, tena kwa upole mkubwa, huku akiinamisha kichwa.

Daktari alikuwa mzee aliyestaafu serikalini, mtu mzuri lakini mwenye haraka. Mlango wake haukufungwa kwa sababu ya joto, na sisi wa benchi tulisikia kila kitu.

"Tatizo nini?" aliuliza.

"Mguu," Juma akasema. "Maumivu. Juzi rejareja. Leo jumla."

Kisha nikasikia sauti ya mama, aliyekuwa amesimama karibu na meza: "Anasema juzi palikuwa panauma hapa na pale, Dokta. Leo mguu mzima."

Mguu ulikuwa umekatwa na mkanda wa bati, ile mikanda inayofungia maboksi ya mzigo. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa kimefungwa kitambaa siku nyingi na mguu umevimba hadi karibu na goti. Daktari akauliza kama ana aleji na dawa yoyote. Juma akasema, "Hakuna shida." Akaandikiwa vidonge na kuambiwa aje kila siku kuoshwa kidonda.

Juma akarudi dukani kwake maana wateja walikuwa wanamwita. Mama yake akaketi karibu yangu kusubiri zamu ya kuoshwa. Alikuwa anatetemeka kidogo. Aligusa paji la uso wake kwa kiganja, akanitazama, akasema, "Fa shao."

Hapa inabidi nieleze nilichokuwa naamini. Mara nyingi nilikuwa nimemsikia Juma akiongea na simu nje ya duka lake, na katikati ya maneno yale nilisikia "mama" waziwazi, na siku nyingine "baba". Nikawauliza watoto wa shule, hakuna aliyejua. Nikajijibu mwenyewe kwamba Kichina ni Kiswahili kilichofichwa. Wachina wanaongea kama sisi ila kwa mafua na kwa haraka, na mtu akisikiliza kwa makini ataokota maneno yetu humo ndani. Sasa mama huyu mzee, ameshika kichwa chake, ananiambia "fa". Nililielewa neno moja na lilinitosha. Alikuwa ananiarifu kwamba anakufa.

Nikahamia mwisho wa benchi.

Mama alipotoka na kuniona niko huko akaniuliza kulikoni. "Anasema anakufa," nikamwambia.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

Mama akamtazama yule bibi, akamgusa shingo kwa mgongo wa mkono, akanituma dukani kumwita Juma. Juma akaja, akamsikiliza mama yake, akatikisa kichwa. "Fa shao, moto," alisema, akijigusa shavu. "Mwili moto. Kufa hapana."

"Homa," mama akasema.

"Homa," Juma akakubali.

Mama akanigeukia. Hakuwa amekasirika. "Zai, ukitaka kumsemea mtu, jifunze kwanza anavyosema." Kisha akamwambia Juma, na nilishangaa maana hakuwa mtu wa kuomba vitu, "Mfundishe huyu mtoto. Maneno ya hospitali tu."

Ndivyo nilivyoanza. Kila nikitoka shule nilipitia kwanza dukani kwa Juma, nikasimama kati ya marundo ya mabegi yenye harufu ya plastiki mpya, nikapewa neno au mawili kati ya mteja mmoja na mwingine. Teng, inauma. Bu teng, haiumi. Ukiyaweka pamoja, teng bu teng, umeshauliza. Da jen, kuchoma sindano. Juma aliniambia "da" ni kupiga, na alipiga kiganja chake kwa ngumi kunionyesha, kwa hiyo kwao sindano hupigwa, kama watu wengine wanavyosema hata kwetu. Fang song, legeza. Nilikuwa nakosea namna ya kupandisha na kushusha sauti, na Juma alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akanirudisha mwanzo. Bibi yangu, mzaa mama, alipenda kuimba jikoni, na nikagundua kwamba nikiyachukua maneno kama vipande vya wimbo yanakaa.

Neno lililonisumbua ni yao. Juma aliniambia ni dawa. Lakini sisi, kwa baba na kwa mama, ni Wayao wa Tunduru, na kila Mama Juma aliponyoosha kidole kwenye vidonge vyake akisema "yao", mimi nilimsikia akitutaja. Nilimuuliza baba usiku ule alipokuwa anakula.

"Yule bibi Mchina anatujuaje?"

Baba akatafuna, akafikiri. "Labda kuna ndugu yetu alipotelea huko," alisema. Nikaamini kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nyumbani mama aliyataka maneno yale. Alikuwa akigeuza mkaa au kuchagua mchele, bila kunitazama, anasema, "Legeza?" Nami najibu, "Fang song." Anarudia kwa lafudhi ya Tunduru, taratibu, mara nyingi. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa na kitu ambacho mama anakitaka na mimi ndiye ninacho. Nikawa nakigawa kidogo kidogo.

Kidonda hakikuwa kinapona haraka. Daktari alimwita tena chumbani, akaubonyeza mguu, akauliza kwa sauti kubwa, kama watu wanavyowasemesha wageni, "Maumivu yanapungua?"

"Haipungui," Mama Juma akasema.

Daktari akashangaa kidogo kwa kujibiwa Kiswahili, akaandika sindano. Siwezi kumlaumu. Mguu wenyewe ulikuwa bado umevimba.

Juma hakuwepo siku hiyo, alikuwa ameenda bandarini kutoa mzigo. Mama akaniita chumba cha sindano nije kusema maneno yangu. Nilisimama karibu na pazia, nimevaa sare ya shule, najiona mtu mkubwa. Mama alitoa boksi kabatini, akatoa kichupa chenye unga mweupe, akakitia maji, akakitikisa. Ilikuwa penisilini. Boksi akaliacha kwenye trei.

Mama Juma alikuwa ametulia mpaka alipoliona lile boksi. Lilikuwa limetengenezwa kwao, na pembeni, chini ya maandishi ya Kiingereza, kulikuwa na herufi zao ndogo. Alilisogeza karibu na macho, akalirudisha kwenye trei. Kisha akavuta mkono wa mama kwa nguvu ambayo sikutegemea kwa mtu wa umri ule.

"Guo min," alisema. "Guo min. Bu yao. Bu yao."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Guo min sikuwa nimefundishwa. Lakini yale mengine niliyajua. Bu ni si. Yao ni dawa. "Anasema hii si dawa, Mama."

Mama akakitazama kichupa. Akasoma jina, akasoma tarehe ya mwisho, akaninyooshea na mimi nisome kana kwamba ningemsaidia. Kilikuwa sawasawa. Kutoka chumba cha pili daktari aliuliza kama bado, watu wamejaa. Mama akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Mama Juma akarudi nyuma hadi ukutani.

"Anaogopa tu," nikasema. Nilikuwa nimeona watu wengi wazima wakiogopa sindano.

Mama alisimama na lile bomba mkononi, akisogeza mkono kushoto, akisogeza kulia, polepole, huku akimtazama yule bibi usoni. Kisha akaliweka bomba kwenye trei na kulifunika kwa pamba.

"Haogopi sindano," alisema. "Sindano haiangalii kabisa. Anaangalia boksi."

Mama Juma alipoona bomba limewekwa chini, akapumua. Akaanza kutueleza kwa mikono. Alilishika boksi, akajigusa mkono kama mtu anayechomwa. Akajikuna mikono yote miwili. Akavimbisha mashavu, akafumba macho hadi yakawa mistari, akashika koo lake kwa vidole na kutoa sauti ya mtu anayevuta hewa isiyokuja. Mwisho akalaza kichwa kwenye kiganja na kunyamaza. Alifanya yote hayo bila haraka, na hakuna kati yetu aliyecheka.

Mama akatoka, akaenda kwa daktari, akafunga mlango ule ambao haukufungwa. Sikusikia walichosema. Daktari alipotoka alikuja mwenyewe mpaka chumba cha sindano, akamwinamia yule bibi kidogo, akasema pole, mzee kwa mzee. Alimwandikia dawa nyingine ya kundi tofauti, ya kupitia mshipani.

Jioni Juma alirudi, akaelezwa, akapauka. "Hii dawa na mama ugomvi," alisema. "Zamani sana. Mimi mtoto. Mama karibu kwisha."

"Dokta alikuuliza aleji," mama akamwambia. "Ukasema hakuna shida."

Juma akatazama chini. "Mimi sijui aleji. Mtu akiuliza, mimi sema hakuna shida."

Nilimuuliza "bu yao" ni nini basi kama si "si dawa". Akanieleza kwamba yao ni dawa, na yao vilevile ni kutaka, zinasikika sawa. Mama yake alikuwa amesema hataki. Nilikwenda kukaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi mtu anavyoweza kufa ilhali maneno yote mawili unayajua.

Mama hakunisema. Tukiwa tunatoka aliniambia tu, "Kesho umuulize Juma hilo jingine. Guo min. Ndilo la kwanza tulilotakiwa kujua." Kuanzia hapo, Mchina yeyote aliyeingia zahanati, na walikuwa wanaongezeka mtaani, alikutana kwanza na mama yangu, kanga imefungwa juu ya sare, akimuuliza guo min, yaani kama ana aleji, kwa lafudhi ya Tunduru. Walielewa.

Dawa mpya ilichomwa kila siku, polepole, mshipani. Wakati ikiingia mama aliketi kwenye kigoda, mkono wa bibi juu ya goti lake. Ilichukua muda. Mwanzoni nilisimama pale kusema fang song, kuuliza teng bu teng. Baada ya siku kadhaa mama aliyasema mwenyewe. Baadaye hawakusema kitu. Kidonda kilifunga, mguu ukarudi ukubwa wake, dawa ikaisha, na Mama Juma akaendelea kuja.

Alikuja mchana jua likiwa kali, na chupa yake ya maji ya moto, akaketi kwenye benchi. Aliwavimbishia mashavu watoto wachanga wanyamaze. Wagonjwa wakamzoea, wengine wakampa pole kama walivyonipa mimi. Wagonjwa wakipungua mama alitoka kuketi naye, wakagawana chai ya tangawizi, kila mmoja akiongea lugha yake. Siku moja niliingia kutoka shule nikamkuta mama anacheka. Kichwa kimeenda nyuma, machozi yanamtoka. Sikuwahi kumwona hivyo nyumbani. Niliuliza wanacheka nini, mama akafuta macho akasema, "Hata sijui." Nikaona wivu. Nilikuwa na maneno mapya kutoka kwa Juma siku hiyo, ya tumbo na ya meno, na hakuna aliyeniuliza. Nikaacha kupitia dukani kwake.

Kisha Juma akaja kuaga. Duka alikuwa amemwachia mwenzake, na yeye anaenda kujaribu nchi nyingine. Mama yake anarudi nyumbani kwa dada yake. Ndege kesho. Alisema hayo mlangoni, haraka haraka, akampa daktari mkono, akampa mama mkono, akanipa mimi begi la shule la bluu, akaondoka kwenda kufunga mizigo.

Mama yake alibaki. Hakuketi kwenye benchi. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha sindano, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, akakunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko na kuulaza mkono wake juu ya meza ndogo.

Nilimfuata. "Mama, hana dawa huyu. Alishapona," nikasema. "Nikamwite Juma amweleze?"

"Hapana," mama alisema.

Alinawa mikono kama kawaida yake, mpaka kwenye viwiko. Akavuta kigoda, akauweka ule mkono juu ya goti lake. Alichukua pamba, akailowesha spiriti, akapangusa pale palipokuwa panachomwa, ambapo palikuwa pamebaki kidoa cha rangi ya zambarau. Hakuchukua bomba. Aliweka pamba kavu, akaibana kwa kidole gumba, na akatulia. Mama Juma alikuwa amefumba macho. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, lakini uso ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyekaa kivulini.

Nje benchi lilikuwa limejaa. Mtoto alikuwa analia, na mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti kama humu ndani kuna mtu. Daktari akaita jina la mama, akaita tena.

Mama hakuondoa kidole. "Zai," aliniambia, bila kugeuka. "Nenda kawaambie wasubiri. Waambie nina mgonjwa."

Nikavuta pazia, nikaenda kuwaambia.